Matusi Yanafika, Barua Hazifiki

Haya niliyapata kwa Mama Nyaya mwenyewe, juzi Alhamisi asubuhi, tukiwa kwenye foleni ya maji, ndoo zetu zimepangwa na bomba linakohoa upepo mtupu. Alinihadithia bila kupunguza, nami nawapa vilevile.

Haya, shikeni pale tulipoachia wiki jana. Mlango wa duka la miwani umesukumwa. Mama Nyaya, fundi wa kompyuta, mke aliyeachika, ameingia tena katika nyumba aliyoapa hataikanyaga. Na Dada Kaunta, wifi yake wa zamani, ameuinua mkasi juu.

"Mwizi huyu! Mwizi wa jina letu huyu! Mama, shuka uone mtu asiye na haya!"

Mkasi ukashuka.

Haukumpata mtu. Ulipita kwenye kamba ya mkoba wa Mama Nyaya, ukaikata, na vitu vyote vikamwagika sakafuni: nyaya, bisibisi, chaja ya simu, kitana na nusu mkate.

Mama Nyaya akainama kuokota.

"Umemaliza?" akauliza. "Maana nilikuwa nataka kufanya kazi."

Kwa msomaji aliyejiunga leo, nakudokezea machache tu. Chini ni duka, juu ni nyumba ya familia. Dada Kaunta anakaa mbele na kupokea wateja. Mdogo wake, Msaga Lenzi, yuko chumba cha nyuma na mashine zake, vumbi jeupe mpaka nyusi. Huyo ndiye aliyekuwa mume wa Mama Nyaya. Na ukutani, katikati ya vyumba hivyo viwili, kuna stoo ndogo. Humo ndimo inamokaa seva, ile kompyuta inayopokea na kutuma barua pepe za duka. Mama Nyaya ndiye aliyeifunga zamani za mapenzi.

Tangu aondoke, kliniki ya macho ya watoto imeacha kuleta kazi. Asubuhi hiyo karani wa kliniki alipiga simu, sauti kavu kama karatasi ya msasa.

"Tumewaandikia mpaka tumechoka. Hamjibu. Mkituandikia nyinyi, mtambo wetu unazikataa barua zenu, unasema ni za matapeli. Leo saa kumi, kama sijapata jibu lenu la maandishi kutoka anwani ya duka, vipimo vya watoto vinakwenda kwa wengine. Na simu sipokei tena."

Bila kliniki ile, duka ni meza na vioo vya kujitazamia. Ndiyo maana Mama Nyaya aliitwa. Aliitwa kama mtu anavyoitwa kituoni, si kama anavyoitwa mgeni.

Ngazi zikalia. Mama Mkwe alikuwa anashuka, mkono mmoja ukutani. Akafika chini, akasimama, akamnyooshea kidole.

"Wewe msichana! Nilikulisha, nikakuvisha, leo unatufungia jina?"

"Mama," akasema Mama Nyaya, "hicho ni kichwa cha plastiki cha kuonyeshea fremu. Mimi niko huku."

Maana mama wa watengeneza miwani alikuwa hana miwani. Ilipasuka. Dada Kaunta alisema kuitengeneza ni kazi ya msagaji. Msaga Lenzi alisema haandikiwi kazi na mtu asiyemwamkia. Basi mama akabaki anapapasa.

Alikigeuza kidole bila kuomba radhi.

"Sikiliza. Kama ni wewe uliyelifunga jina la duka huko mtandaoni, barua zisipite, Kidoti humwoni tena. Wala Jumamosi, wala sikukuu. Atakua, ataolewa, utasikia kwa watu."

Kidoti ndiye mtoto wa Mama Nyaya na Msaga Lenzi. Anaishi humo na bibi yake. Mama yake anamwona Jumamosi, kwa saa walizopimiwa, kama wagonjwa.

"Na kama si mimi?" akauliza.

"Kama si wewe, unaondoka naye."

"Mama!" Dada Kaunta akaruka.

"Nimesema."

Mama Nyaya akaufunga fundo mkoba wake uliokatwa, akaingia stoo.

*

"Haya, barua zilikoma lini?"

"Nani kakwambia zimekoma?" Dada Kaunta alisimama mlangoni, mkasi bado mkononi. "Seva ni nzima. Kengele ya barua inalia kutwa nzima. Kliniki ndiyo inatuonea."

Ting!

"Umesikia? Barua hiyo. Imefika sasa hivi."

Mama Nyaya akaifungua. Ilitoka kwa Msaga Lenzi, aliyekuwa upande wa pili wa ukuta, mkono ukinyooshwa unamgusa.

*Mwambie huyo mgeni birika liko palepale. Wewe usimmiminie, una mikono ya nuksi.*

Dada Kaunta akamsukuma kando, akapiga vidole juu ya kibodi kama anayefukuza kuku. Akatuma. Upande wa pili wa ukuta, ting! Wakasikia mtu anafyonya.

"Mnaandikiana?" Mama Nyaya akauliza. "Kutoka hapa mpaka hapo?"

"Sina maneno na yeye."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoondoka. Anasema mimi ndiye niliyekufukuza."

Kutoka ukutani ikaja sauti: "Na ni kweli!"

"Mwambie ni yeye!" Dada Kaunta akapiga kelele, uso kwa ukuta.

Mama Nyaya akarudi kwenye kisanduku cha barua. Akashuka nacho chini, chini, chini zaidi. *Domo kaya wee. Mvivu, umeacha taa. Na wewe ufunge kinywa, nzi wanaingia. Mwambie mama chumvi imezidi. Mwambie mwenyewe.* Ukurasa baada ya ukurasa, dada na kaka, kaka na dada. Akatafuta kliniki. Hakuna. Akatafuta mteja yeyote. Hakuna. Akatafuta hata matangazo yale ya watu wanaouza vitu visivyotakiwa. Hakuna.

Akajikuta anacheka. Alijizuia, akashindwa.

"Unacheka nini, we shetani?"

"Wifi, hakuna barua hata moja iliyotoka nje. Zote ni matusi yenu."

"Sasa kama matusi yanafika, barua zishindwe kwa nini?"

"Kwa sababu matusi hayatoki humu ndani! Wewe ukimwandikia yeye, seva inaona ni mtu wa nyumba hiihii, inamgeuzia tu. Haihitaji njia ya kutoka nje. Barua ya nje ndiyo inahitaji njia. Mngekuwa mnagombana kwa mdomo kama watu wengine, kengele ingenyamaza, na mngejua siku ya kwanza."

Mama Mkwe alikuwa amevuta kiti mpaka mlangoni mwa stoo. "Maneno mengi. Nani kafunga jina?"

*

Mama Nyaya akatoa simu yake. Akaiweka kwenye laini yake mwenyewe, isiguse intaneti ya duka, kisha akauliza: jina la duka linaongoza wapi?

Simu ikajibu kwa nambari.

Halafu akaiuliza seva: wewe unakaa nambari gani?

Seva nayo ikajibu. Nambari nyingine kabisa.

"Ndiyo hii," akasema. "Mama, tazama. Samahani, sikiliza. Jina la duka kwenye mtandao, domeni tunaliita, ni kama kibao cha barabarani. Mtu akitaka kuwaandikia, kompyuta yake inakwenda kwanza kwenye kibao: hawa wanakaa wapi? Kibao kinamwonyesha nambari. Sasa kibao chenu kinaonyesha nyumba mliyohama."

"Nani kahama? Tuko hapa tangu baba yao yu hai."

"Laini ya intaneti ndiyo imehama. Mtu amekata laini ya zamani akaleta mpya. Laini mpya, nambari mpya. Kibao hakikugeuzwa. Na kliniki inapopata barua yenu, mtambo wake unaenda kuuliza kibaoni: hawa huwa wanatoka wapi? Unaambiwa nambari ya zamani. Unaona hailingani. Unasema, hawa ni matapeli."

Akageuka.

"Nani alibadilisha laini?"

Mashine ya kusaga ikazimwa kule nyuma, mtu asikie vizuri.

Dada Kaunta alitazama dari. Alitazama mkasi. Alitazama viatu vyake.

"Laini ilikuwa imeandikwa jina lake!" akalipuka. "Huyu! Kila mwezi bili inakuja kwa jina lake! Ameondoka mzima mzima, jina linabaki kwenye waya? Nikasema hapana. Nikaikata."

"Kwa hiyo ni wewe," akasema Mama Mkwe. Safari hii kidole hakikukosea uso.

"Sikujua, Mama!"

"Mimi pia sikujua. Ila mimi sikukata."

Mngedhani imekwisha hapo. Mama Nyaya naye alidhani. Akasema, "Basi, fungua akaunti ya ile kampuni iliyosajili jina, nibadilishe nambari, tumalize kabla ya saa kumi."

Dada Kaunta hakusogea.

"Niliweka neno la siri jipya," akasema polepole. "Usije ukaingia."

"Vizuri. Liandike."

"Sikumbuki."

"Ulitumia nini? Tarehe? Jina la mtu?"

"Tusi."

"Tusi gani?"

"La kwako. Lakini yalikuwa mengi, sikumbuki ni lipi."

Kutoka chumba cha nyuma kikasikika kicheko kilichofunikwa na mkono.

Basi Mama Nyaya akakaa kando, mikono mapajani, akamtazama wifi yake akimtukana kwa maandishi, moja baada ya jingine, na kompyuta ikikataa. *Kunguni.* Hapana. *Mlazadamu.* Hapana. *Sura ya soli.* Hapana.

"Jaribu mchawi," Mama Nyaya akamsaidia.

"Nimeshajaribu."

"Kwa herufi kubwa?"

Hapana.

Ikabaki njia ya waliosahau. Kompyuta ikasema: tumekutumia barua yenye neno jipya. Kwenda wapi? Kwenye anwani ya duka. Anwani isiyopokea barua ya nje.

Wakatazamana. Ufunguo wa nyumba ulikuwa umefungiwa ndani ya nyumba.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na nusu.

"Sasa umefurahi," Dada Kaunta akasema, machozi ya hasira yamemsimama. "Ulitaka tufe njaa, tunakufa. Simama ushangilie."

"Ipo njia nyingine," akasema Mama Nyaya.

*

"Nilipolisajili jina hili," akasema, "kampuni ilitaka nambari ya simu. Jambo likiharibika, wanatuma tarakimu za siri kwa simu hiyo."

"Nilijua! Nambari yako!"

"Si yangu. Ya Mama."

Wote wakamgeukia Mama Mkwe. Bibi wa watu akaushika mfuko wa gauni kifuani, pale simu inapokaa, kama mwizi aliyekamatwa.

"Yangu? Kwa nini yangu?"

"Kwa sababu humu ndani kila mtu anabadilika. Nikasema mtu asiyebadilika ni mmoja."

Mama Mkwe aliikunja midomo. Sijui alisifiwa au alitukanwa, na nadhani yeye mwenyewe hakujua.

"Simu yangu haishikwi na mtu aliyeondoka," akasema mwishowe.

"Sitaishika. Soma wewe."

Mama Nyaya akabonyeza. Kifua cha Mama Mkwe kikalia. Akaitoa simu, akaileta mpaka puani, akaipeleka mbali mpaka mkono ukaisha, akairudisha puani.

"Hii ni... sita. Au nane. Ina tumbo."

"Mama, tarakimu hizi zinakufa haraka."

"Usinikimbize! Ina tumbo moja au mawili?"

Zikafa.

"Dada Kaunta asome," akasema Mama Nyaya.

"Nikisoma mimi, nani ataandika? Wewe? Akaunti huigusi tena, labda nife."

Basi akabaki mtu mmoja tu mwenye macho. Mama Mkwe akainua sauti kwa ukuta: "We! Toka huko!"

Msaga Lenzi akatoka, mweupe mpaka viwiko. Alimtazama Mama Nyaya kidogo, akayahamisha macho. Akapokea simu ya mama yake. Dada Kaunta akabonyeza tena. Simu ikalia.

Akasimama nayo. Dada yake amekaa mbele ya kibodi, mgongo umemgeukia.

"Nimwandikie?" akauliza.

"Umwandikie nini! Sema!" mama yake akafoka.

"Mwambieni saba," akauambia ukuta.

"Mwambieni nimesikia," akasema Dada Kaunta.

"Mwambieni mbili."

"Hakuna mtu wa kuambiwa hapa!" Mama Mkwe akapiga mguu chini. "Mimi ndiye niliyewazaa wote wawili, kwa tumbo hili hili! Ongeeni!"

Msaga Lenzi akashusha pumzi. Vumbi likaruka.

"Dada. Saba, mbili, mbili."

"Mbili mara mbili?"

"Mara mbili. Halafu tisa. Sifuri. Nne."

"Nne ya mwisho?"

"Ya mwisho, Dada."

Dada Kaunta akabonyeza. Mlango ukafunguka. Yaani mlango wa akaunti, msisimame.

Mama Nyaya akasoma nambari mpya, Dada Kaunta akaiandika kibaoni, wakaihifadhi. Mikono yao ilikaribiana juu ya meza, na kila mmoja akauvuta wake.

"Haya, barua iko wapi?"

"Subiri. Kompyuta nyingine huko nje bado zinakikumbuka kibao cha zamani. Zinasahau polepole."

"Uongo mtupu. Unavuta muda saa kumi ipite."

Wakasubiri. Hakuna aliyemkaribisha mwenzake kiti. Saa ya ukutani ilikuwa na mlio ambao hakuna aliyewahi kuusikia mpaka siku ile.

Ting!

Dada Kaunta akamgeukia mdogo wake. "Ni wewe?"

Msaga Lenzi akainua mikono yote miwili. Haikuwa na kitu, ni vumbi tu.

Ilikuwa kliniki.

Ting! Mteja. Ting! Mteja mwingine. Ting! Mtu anauza mbolea, Mama Nyaya akambusu hewani. Dada Kaunta akajibu kliniki, akatuma, na barua haikurudishwa. Kabla saa haijagonga kumi karani aliandika neno moja: *Imepokelewa.*

Hakuna aliyeshangilia. Msaga Lenzi alirudi kwenye mashine yake. Dada Kaunta alianza kufuta matusi, moja moja.

*

"Mama," akasema Mama Nyaya. "Kidoti."

Mama Mkwe alikuwa anairudisha simu kifuani.

"Nilisema utaondoka naye."

"Ndiyo."

"Sikusema lini."

"Ulisema mbele ya watu."

"Na mbele ya watu nasema: njoo kesho. Mtoto hahamishwi jioni kama kuku."

Dada Kaunta akainua uso kutoka kwenye kompyuta. Alitabasamu. Kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomwambia Mama Nyaya asithubutu kutoka humo usiku ule.

"Basi nalala hapa."

"Lala. Godoro hatuna."

Usiku ulipoingia akapanda ngazi, mkoba wake wenye fundo akauacha stoo. Kidoti alikuwa ameshalishwa na kulazwa, amelala kichwa miguuni pa kitanda kama kawaida yake. Na chini ya kitanda kulikuwa na begi. Begi la Mama Nyaya mwenyewe, alilolisahau siku aliyoondoka. Akalivuta. Zito. Akalifungua.

Sweta za Kidoti. Viatu vya Kidoti. Mdoli wake mwenye jicho moja, amefungwa taulo asiumie njiani.

Msaga Lenzi alikuwa mlangoni.

"Shangazi yake anaondoka naye alfajiri," akanong'ona. "Basi la kwanza. Kwa ndugu zetu wa mbali. Lilipangwa tangu jana, kabla hujaitwa."

"Kwa hiyo ile ahadi..."

"Mama alijua hutakuwa na wa kumchukua."

"Na wewe ulijua."

"Nilikuandikia barua! Jana hiyohiyo. Ikarudi."

Mama Nyaya akamtazama mtu huyu, mweupe kama aliyemwagiwa unga, aliyemjua mpaka harufu.

"Ulikuwa na miguu," akamwambia. "Ulikuwa na mdomo."

Akafunga mlango. Hauna komeo. Akaliburuta begi mpaka mlangoni, akalikalia, mgongo juu ya ubao.

Haikupita muda, kitasa kikazungushwa.

"Fungua. Nina begi humo."

"Nimelikalia."

"Utachoka."

"Ngoja basi uone."

Ubao ukashtuka kidogo. Dada Kaunta naye alikuwa amekaa chini, kule nje, mgongo juu ya mlango uleule.

"Nitakuwa hapa," akasema. "Ukisinzia tu, naingia."

"Na wewe ukisinzia, natoka."

Chini, Mama Mkwe alikuwa ameshapitiwa kitini, kidevu kifuani, simu inapanda na kushuka na pumzi. Msaga Lenzi alikuwa amelalia mikono yake juu ya meza ya lenzi, taa inawaka. Kidoti alijigeuza, akaweka kichwa pale miguu ilipokuwa.

Mama Nyaya akatoa simu aweke kengele ya alfajiri. Simu ilikuwa imezimika, haina moto. Chaja ilikuwa stoo, ndani ya mkoba wenye kamba iliyokatwa.

Akajifinya. Akahesabu mbao za dari. Kule nje wifi yake alikuwa anajipiga makofi mashavuni, pa, pa, asilale. Yakaja machache. Yakaja moja moja. Halafu ukaanza mkoromo, mwembamba, wa mtu aliyekasirika hata usingizini.

Sasa, Mama Nyaya akajiambia. Simama sasa. Mbebe mtoto, pita.

Magoti yakasikia. Kichwa nacho kikasikia. Lakini kilikuwa kimeshaegemea ubao, upande wa pili wa kichwa cha wifi yake, na begi lilikuwa laini kwa sweta za mtoto, na macho yakafumba kabla miguu haijaamka.

Akalala.

Nyumba nzima imelala, na basi la kwanza halisubiri mtu. Ushindi umebaki kwa yule atakayeamka kwanza.